Tone la Rangi Juu ya Skrubu

"Umenibadilishia kifaa, Dada Bisibisi! Sema mbele ya watu!"

Mwenye maneno hayo aliitua mashine ya gemu juu ya meza kwa kishindo. Mtaa ulimwita Refa, kwa kuwa katika chumba chake cha kuchezeshea gemu ndiye aliyeamua ugomvi wa wachezaji. Juzi Dada Bisibisi, fundi wa vifaa vya umeme, alikuwa amemtengenezea mashine hiyo. Sasa ilizimika kila mchezo ulipokolea, na wachezaji walikuwa wakihamia kwa jirani.

"Sibadilishi vifaa vya watu, kaka Refa."

"Mwizi gani hujitangaza?"

Watu walijaa mlangoni. Dada Bisibisi alijua uzito wa tuhuma ile, kwa sababu ufundi wa mtaani ulikuwa umeharibiwa na mchezo huohuo: mteja huacha chombo kizima, hurudishiwa kilichonyofolewa, kisha huambiwa kuwa bidhaa za siku hizi ni mbovu. Yeye aliapa kutokula jasho la mtu kwa njia hiyo. Jina safi ndilo lililokuwa mtaji wake wote.

"Mwambie aondoke," alidakia kaka yake mkubwa, mwenye chumba hicho cha ufundi na aliyemfundisha kazi. "Joto la chumba chake ndilo lililoiua."

Dada Bisibisi aliisogeza mashine karibu. Aliikagua karatasi aliyoibandika juu ya maungio ya mashine juzi, Refa akishuhudia. Haikuwa imeguswa. Aliichana, akafungua skrubu za nje, akaliinua funiko.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakumwambia mtu yeyote, hata kaka yake. Kila alipomaliza kazi ya ndani, alidondosha tone la rangi ya kucha, nusu juu ya kichwa cha skrubu, nusu juu ya bati. Skrubu ikizungushwa, tone hupasuka.

Tone lilikuwa limepasuka.

Chini yake, kipande cha kugawa umeme hakikuwa kile alichokiacha. Hiki kilikuwa kikuukuu, vijikopo vyake vya kapasita vimevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Basi mashine ilifunguliwa baada ya yeye kuifunga na kabla ya karatasi kubandikwa. Katika muda huo yeye alitoka mara moja kununua waya wa risasi wa kuunganishia, na chumbani akabaki mtu mmoja tu.

"Umeona nini?" Refa aliuliza.

"Kaona joto, si nimeshasema?" alijibu kaka mtu upesi.

Dada Bisibisi alilitazama tena tone lililopasuka. Tone lile hakuna aliyelijua. Angeweza kulikwangua kwa ukucha, akaitikia neno "joto", na udugu ukabaki salama. Lakini usalama huo ungelipiwa na nani, kama si Refa?

"Kaka, kiko wapi?"

"Nini?"

"Kipande cha umeme cha huyu bwana. Nilikiacha humu kikiwa kizima."

Mlangoni mtu alipasua kicheko: "Leo Refa kapata refa wake!"

"Mdogo wangu, unanivua nguo hadharani?"

"Umezivua mwenyewe, kaka. Mimi nimekataa kukufunika."

Kaka mtu alivuta mtoto wa meza, akakitupa kipande mbele ya mdogo wake. "Ukimaliza hiyo, nipe ufunguo wa chumba changu. Ukatafute pa kuhubiria."

Dada Bisibisi alikirudisha kipande, kila waya mahali pake. Mashine iliwaka. Refa alishika pedi ya kuchezea, akacheza bila kupepesa. Mchezo ukakolea, ukapita pale ulipokuwa ukikatikia, na feni ikaendelea kuvuma.

"Dada," Refa alisema kwa sauti ya chini, "nilikuita mwizi."

"Ulibisha mlango sahihi, ukamtaja asiye yeye."

Dada Bisibisi aliizima mashine, akatoa kichupa cha rangi, akadondosha tone jipya mbele ya macho ya wote.

"Ufunguo," alisema kaka yake, mkono ameunyoosha.

"Haraka ya nini, kaka? Ulisema nikimaliza, na rangi haijakauka."