Dirisha la Aliyeketi

Dada mtu alikuwa amepitia tu, akaacha gari linanguruma nje. Kaka yake, aliyeendesha gari la wagonjwa mpaka akastaafu, alikuwa akiinua ukuta wa mwisho wa nyumba yake ya udongo kando ya kijito. Alifinyanga donge, akalibandika, akalipapasa kwa kiganja hadi likatulia, ndipo akachota jingine. Kila tabaka huliacha likauke, kisha hulijaribu kwa ukucha wa kidole gumba. Likibonyea, hunawa mikono akaenda zake kukaa. Mikono ile ile iliyopiga honi mji mzima ukakaa pembeni! Hata sauti imepoa. Zamani alikukatiza kabla hujamaliza kusema. Siku hizi ukimwuliza jambo, anakung'uta udongo kwanza, ndipo anajibu.

"Lakini kaka, hapa umeharibu," dada alisema mbele ya dirisha lililoishia kiunoni. "Mtu akisimama haoni kitu ila ukuta."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini? Libomoe mapema, udongo ungali mbichi."

Akamsogezea kigoda. Dada akakaa shingo upande, mkoba begani. Mara kijito chote kikamjia dirishani, na mawe yake, na matete yake, na ndege mweupe aliyesimama kwa mguu mmoja kana kwamba hana miadi na mtu.

Kaka alirudi kwenye donge lake. Baada ya kitambo alimsikia dada akiinuka.

"Unakwenda?"

"Nakwenda kuzima gari," alisema. Mkoba aliuacha juu ya kigoda.