Neno Lililotaka Kututoa Kazini

Neno moja tu lilitaka kutumaliza.

Nilikuwa nafuta tena tafsiri ya Clive, na yeye alikuwa anatafuna penseli kama mua.

Sisi wawili tulikuwa tunatengeneza kamusi ya Kijerumani na Kiingereza, hapa Oldenburg, Ujerumani. Mimi Gesine, mwenyeji. Yeye Mwingereza, mgeni ofisini.

Herufi F yote ilikuwa tayari. Lilibaki neno moja la Kijerumani, Feierabend.

Asubuhi mwenye kampuni, Bwana Ruhnke, alichungulia mlangoni.

"Nalitaka neno hilo leo, kabla sijaondoka. Likikosekana, nyinyi wawili hamna kazi. Sitanii."

Clive alikuwa amehamia na mke na mapacha. Akapauka.

Akaanza kunirushia Kiingereza. Hapa nakupa maana zake tu.

"Saa ya kufunga!"

"Hiyo ni ya duka, kaka. Feierabend ni ya muuzaji."

"Mwisho wa kazi!"

"Huo ni mlango wake tu. Jioni nzima imo ndani."

"Mapumziko?"

"Hata saa ya kahawa ni mapumziko."

"Basi jioni ya sherehe! Si ndivyo neno lenyewe lilivyoundwa?"

"Umemwona nani akisherehekea? Mume wangu hukaa kwenye benchi na bia yake, anatazama ua wa nyumba."

"Anatazama nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo Feierabend yenyewe."

Clive akalaza kichwa mezani. "Dada Gesine, nyie watu mna matatizo."

Jioni ilipofika akaruka ghafla. "Nimepata!"

Akaandika mstari mzima. Tukashuka ngazi mbio, karatasi mkononi.

Bwana Ruhnke alikuwa uani, kofia ya baiskeli kichwani, mguu mmoja kwenye pedali.

"Mzee, neno lako hili hapa!" Clive alihema.

Mzee hakuigusa karatasi. Alitazama saa yake.

"Nimeshaingia Feierabend."

"Lakini ulisema leo! Kwa hiyo umetufukuza?"

Bwana Ruhnke alimkodolea macho kama mtu aliyeambiwa avue suruali hadharani.

"Kijana, kukufukuza ni kazi. Kazi nimeshamaliza. Nitakufukuza kesho. Jioni njema!"

Akapiga kengele, akaenda zake.

Clive alibaki amesimama kama mlingoti. Nikamvuta hadi kwenye benchi la uani, nikatoa bia mbili mkobani, nikazifungua.

Tukakaa.

Mabega yake yakashuka taratibu. Akalegeza tai. Ile karatasi akaikunja, akaiweka chini ya chupa isiyumbe.

"Gesine."

"Naam."

"Nilichoandika sicho. Sasa ndio nimelielewa."

Nikachomoa penseli. "Sema upesi, niandike!"

Akapiga funda moja refu, akatazama ua usiokuwa na kitu.

"Kesho."

Nikairudisha penseli mfukoni.

Ndugu msomaji, mimi nimejifunza hili tu: yapo maneno ambayo mtu hawezi kuyaelewa akiwa bado kazini.