Muosha Madirisha Anayefunga Maua ya Uzi

Ni asubuhi ya ukungu mwepesi. Nje ya ghorofa ya saba mwanamume ananing'inia kwa kamba, ndoo ubavuni, akipangusa kioo taratibu kama anayemfuta mtoto uso. Ndani ya kioo mawingu yanapita, naye anaelea katikati yao. Ndiyo maana wenzake humwita Mawingu.

Wakati wa mapumziko, wenzake hutoa simu. Yeye hutoa uzi wa pamba na kuuning'iniza kwenye kitasa cha mlango wa stoo. Juu, chini, pitisha, vuta. Fundo hufuata fundo, mpaka ua dogo linachomoza.

"Nikifunga, kichwa kinanyamaza," anasema. "Hata msimamizi akifoka, namsikia kama redio ya jirani."

Mwaka juzi kichwa hicho hakikuwa na utulivu. Kamba yake iliteleza, akaporomoka karibu urefu wa ghorofa moja kabla ya kamba ya akiba kumdaka. Mifupa ilisalimika, moyo ndio uliovunjika. Alikaa chumbani miezi mitatu, akishindwa hata kushika kikombe bila kumwaga chai, huku mkewe, mshonaji, akibeba nyumba peke yake.

Ndipo mama mkwe alipokuja kuwatazama. Mama huyo husuka nyavu ndogo za uzi za kuning'inizia vyungu vya maua.

"Mimi na yeye tulikuwa hatuna maneno mengi, ni shikamoo na marahaba tu," anakumbuka Mawingu. "Siku hiyo akaweka uzi mezani. 'Baba, nishikie hapa.' Nikashika. Kesho yake akasema, 'Haya, sasa funga.'"

"Lile la kwanza lilikuwa kiazi!" anacheka mama mkwe. "Nikamwambia, fungua, baba. Fundo si ndoa. Likienda kombo, unafungua unaanza upya."

Alifungua, akafunga. Alasiri zikawa zinapita bila yeye kujua, mvua ikinong'ona juu ya bati, na mtetemo ukamtoka vidoleni kidogo kidogo. Siku moja mama mkwe akatundika chungu kizito kwenye kazi ya Mawingu, na fundo likazidi kukaza. Mawingu akalivuta, akaligeuza. Lilikuwa lilelile analofunga kazini.

Juma lililofuata alikuwa juu ya paa, akifunga kamba yake, akifungua, akifunga tena.

"Unasali au unafunga?" msimamizi akamuuliza.

"Vyote viwili, bosi."

Akavuka ukingo.

Leo ndoo za kikosi kizima zina mikanda aliyoisuka, zisiponyoke na kumwangukia mtu chini. Mkewe ana mfuko wa sokoni wa mafundo matupu. Anasema umewachosha majirani kwa wivu.

Sasa Mawingu ameanza kazi kubwa zaidi: pazia la uzi kwa dirisha la chumba alikolala miezi ile.

"Madirisha ya watu nimeyaosha miaka yote," anasema, vidole vikiendelea vyenyewe. "Hili la kwangu nataka kulivika."