Hapiki, Yuwapasha

Enzi zetu sisi watoto wa Likoni, barafu ilikuwa kitu cha Idi. Ukishavishwa gauni jipya na kupewa senti zako za Idi mkononi, unakimbia hadi kwa muuza sharubati karibu na feri, unatiliwa kipande kwenye gilasi, unakinyonya mpaka meno yanauma. Kikiisha kimekwisha, mpaka Idi nyingine. Ndiyo sababu mpaka leo, na mvi zangu hizi, nikikumbuka kwamba pale Shelly Beach, mwendo mfupi tu kutoka kwetu Timbwani, kulikuwa na panya waliolala barafuni mwaka mzima, damu hunichemka.

Msidhani bibi amechanganyikiwa. Baba yangu, Mwinyihamisi, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja ambaye sisi watoto tulimwita Bwana Nyoka. Alifuga chatu wawili ndani ya masanduku ya kioo, tena sebuleni, mahali ambapo mtu mwenye akili zake huweka viti vya wageni. Chakula chao kilikuwa panya weupe. Zamani aliwatupia panya wazima, mpaka siku moja panya mmoja akamng'ata chatu karibu na jicho, jeraha likaoza, chatu akafa. Tangu hapo panya waliuawa kwanza, wakawekwa barafuni kwenye friji yake ya mafuta ya taa. Lakini chatu hataki kitu baridi. Panya sharti apate joto kama la panya aliye hai. Na kazi hiyo aifanye nani? Mpishi!

Nimeiona kazi hiyo kwa macho yangu, kwa sababu siku za Ijumaa, chuo cha Kurani kikiwa kimefungwa, nilikuwa nikimfuata Baba kazini. Hakuiingiza jikoni hata siku moja. Alikata debe akaliweka nje, nyuma ya banda la kuni, na debe lile halikuvuka kizingiti. Panya alitolewa barafuni mapema, akawekwa kivulini mpaka ugumu umtoke. Kisha maji ya vuguvugu, si ya moto, maana ya moto hupasua ngozi na nyoka humkataa. Baba aliyapima kwa kiwiko, kama maji ya kumuogeshea mtoto mchanga, na yakipoa aliyabadilisha. Alibonyeza tumbo la panya kwa kijiti, kwa kuwa barafu ikibaki ndani chatu hutapika, na chatu akitapika Bwana Nyoka hupiga kelele nyumba nzima. Mwisho alimkausha kwa kipande cha gunia, akamshika mkia kwa koleo la mti. Hapo ndipo Bwana Nyoka alipotokea na kaptura yake, akalipokea koleo na kwenda kulisha, akicheka kama aliyefanya kazi yeye.

Baba alinawa kwa majivu, kisha kwa sabuni ya mche, mpaka viwikoni. Wallahi sijamwona daktari anayenawa vile. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sipiki panya. Nawapasha tu. Na neno hili lisitoke hapa."

Lisitoke, kwa sababu kazi ya Shelly Beach ilikuwa ya kutafutia riziki tu. Jina la Baba lilikuwa kwenye deg, lile sufuria kubwa la karamu. Harusi yoyote ya Timbwani, hitma, maulidi, pilau ilikuwa ya Mwinyihamisi. Alijua lini apalie makaa juu ya kifuniko na lini ayaondoe, akisikiliza tu sauti ya mvuke. Watu walisema pilau yake ukiila mchana, usiku bado wanusa vidole. Sisi watoto wake tulitembea vifua mbele, na kwenye ukoko tulikuwa wa kwanza kupewa.

Sasa nimseme Bwana Nyoka na Kiswahili chake. Alikaa kwetu miaka na miaka, akala chumvi yetu, na hakutaka kujifunza zaidi ya maneno ya kuamrishia. Kwake yeye kila kilichokutana na moto kilipikwa. Alipika maji ya kuoga. Alipika chai. Mungu ni shahidi, nilimsikia akiamrisha "pika pasi" kwa ajili ya shati lake. Kupasha hakukujua, na hakuona haja ya kukujua.

Mwaka mmoja hivi kabla ya Uhuru, Bi Mwanasha, jirani yetu na shoga wa Mama, alimuoza binti yake. Baba aliomba ruhusa siku tatu kabla, akapewa. Asubuhi ya harusi uwanja ulijaa. Wanawake walikuwa wakichambua mchele na kumenya vitunguu saumu, sisi wasichana tukiruka kamba, na Baba amesimama mbele ya madeg mawili na mwiko mrefu kama kafi la mtumbwi. Gari likaja likasimama. Bwana Nyoka akashuka, amefura, akapaza sauti mbele ya wote:

"Mwinyi! Wewe napika pilau hapa, na panya yangu nani napika?"

Visu vikasimama kwenye vitunguu. Baba hakuuacha mwiko. Alimjibu kwa adabu, "Bwana, leo uliniruhusu. Na panya hapikwi, hupashwa. Maji ya vuguvugu, nimekuonyesha mara nyingi."

"Pika, pasha, sawasawa!" akasema Bwana Nyoka, akapanda gari lake akaenda zake. Sawasawa! Kwake ilikuwa sawasawa.

Bi Mwanasha akaniita. "Abee," nikaitika. Akaniinamia, akaniuliza mbele ya wenziwe, "Mwanangu, sema kweli. Babako yuwapika panya?"

Jibu lilikuwa maneno mawili: hapiki, yuwapasha. Nilikuwa na miaka tisa, macho yote yamenikazia, na nilikuwa nimekatazwa kulisema jambo lile. Nikasema, "Ni wa nyoka, si wa watu." Nilidhani namtetea. Nikaona mikono ikienda midomoni.

Hakuna aliyemwambia Baba kitu, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Walimwacha amalize. Walimwacha apalie makaa, aonje chumvi, apakue. Masinia yakatoka yakiwa yamejaa, yakarudi yakiwa yamejaa. Watu walisema wana haraka, wengine tumbo, wengine wamekula nyumbani. Mwalimu wetu wa chuo peke yake ndiye aliyevuta sinia, akasema kwa sauti kwamba mkono ukioshwa umeoshwa, akala mpaka akashiba. Wengine walitazama pembeni. Watu wale wale aliowalisha harusi zao, na misiba ya wazazi wao! Baba alifunika madeg, akakaa juu ya gogo la kuni, na Mama akaja akasimama nyuma yake.

Hakuitwa tena. Jina jipya lilishika haraka kuliko upele: Mpika Panya. Chuoni watoto walinililia kama panya nikipita. Bwana Nyoka naye, Uhuru ulipokaribia, alifungasha nyoka wake akaondoka, na siku ya kuaga alimpa Baba mkono akamwambia, "Wewe pishi mzuri." Siku ya Uhuru Likoni nzima ilinukia pilau. Baba alikaa mlangoni na kanzu yake safi, akivuta pumzi polepole. "Wametia maji mengi," alisema. Basi.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Swaleh alikuja kunitazama. Amepata kazi kwenye bustani ya nyoka ya watalii, ana sare, ana glavu. Kazi yake, mtacheka, ni kuwapasha panya wa barafu. Na kwa kuwa vijana wa leo hawawezi hata kunywa maji bila kuyapiga picha kwanza, naye amejipiga picha kazini, watu wasiohesabika wameitazama na kumpa mioyo. Nikavaa miwani nione. Bakuli, maji, panya. Hakupima kwa kiwiko, ana kidude cha kupimia joto. Juu yake ameandika: "Leo tunapika panya."

Nilimpokonya simu. Alishtuka, maskini. "Bibi, si ni neno tu?"

Neno tu. Nikamkalisha kitako, nikamhadithia habari za baba yangu, ambazo hakuwahi kuzisikia kwa mtu yeyote. Nikamwambia na lile jibu langu, ambalo hata Mama alikufa bila kulijua. Swaleh akaichukua simu, akalifuta neno lile, akaandika "tunapasha".

Kidole kimoja tu, na muda mfupi kuliko wa kunawa mkono. Baba aliishi miaka ishirini na tatu baada ya harusi ile, na sikumfutia.