Matofali ya Kichuguu Chetu

Udongo wa kichuguu uliolowekwa maji una harufu ya chuma na uyoga. Niliizoea harufu hiyo nikiwa na miaka kumi, mwaka ambao miguu yangu ilishinda matopeni tangu asubuhi hadi jua lilipoanza kushuka upande wa pili wa mto Naviundu. Nyuma ya nyumba yetu kilisimama kichuguu kirefu kuliko paa, chekundu, chenye majani yaliyoota kileleni ovyo kama nywele zisizochanwa. Babu yangu, aliyetoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli Lubumbashi, alichagua kiwanja kile kwa sababu ya kichuguu hicho. Alikuwa akisema kwamba mwenye kichuguu hakosi nyumba. Alichimba upande mmoja, akafyatua matofali, akajenga vyumba vitatu, na alipofariki akamwachia baba nyumba pamoja na sehemu kubwa ya kichuguu iliyobaki.

Majirani walimwita baba yangu Baba Odile, kwa kuwa mimi Odile ndiye mtoto wake wa kwanza. Alikuwa msimamizi wa tanuru katika kiwanda kidogo cha kusubu vyuma. Kazi yake ilikuwa kutazama rangi ya moto na kusema kama chuma kimeiva. Siku moja wafanyakazi walifika wakakuta mnyororo langoni. Walisubiri hadi saa sita mchana, kisha kila mmoja akarudi kwake. Baba aliingia ndani, akavua viatu vya kazi, akaketi kwenye kiti akiutazama ukuta. Kwa miezi mingi baadaye ndivyo nilivyomwona kila nilipopita. Tulikula bukari, ugali wa kwetu, mara moja kwa siku, saa tisa, pamoja na mboga za lengalenga alizochuma mama kando ya mto. Mama alikaanga mikate na kuiuza barabarani. Mimi niliacha shule ili niwaangalie wadogo zangu, mapacha wa miaka mitatu, na sikumbuki kwamba nililia. Watoto wa mtaa wetu walioacha shule mwaka ule tulikuwa wengi, tukacheza pamoja.

Kilichomtisha mama si njaa. Lilikuwa begi la kitambaa ambalo baba alilifunga na kuliweka nyuma ya mlango. Alisema atapita Kipushi, avuke mpaka, atafute kazi Zambia. Katika mtaa wetu akina baba watatu walikuwa wamekwisha kuvuka. Mmoja alituma salamu mara moja, wawili hawakusikika tena, na wake zao walikuwa wanaitwa wajane ingawa hakuna aliyezika mtu. Baba alikuwa pia ameacha kwenda misa. Yeye ndiye aliyekuwa akitubeba mabegani Jumapili hadi parokiani, mwendo wa saa nzima, lakini sasa mama alipomwamsha aligeukia ukutani. Siku mama alipomwambia kwamba shirika letu, yaani familia za mtaa zilizokutana kila wiki kusali, litakuja kusalia kwetu, alijibu bila hasira:

“Bakuye tu. Mi sina kintu ya kuambia Mungu.”

Wakaja. Kiongozi wao alikuwa Mama Véronique, mjane aliyeuza makaa sokoni, mfupi, mwenye vidole vyeusi ambavyo havikutakata hata Jumapili. Baada ya rozari alimwendea baba kwenye kiti chake akapiga goti kidogo, kama wanawake wa rika lake walivyofanya mbele ya mwenye nyumba, ingawa umri wake ulitosha kuwa mama yake. Alieleza kwamba wazee wa mtaa hawawezi tena kutembea hadi parokiani, na kwamba shirika linataka kujenga kanisa dogo karibu. Kiwanja kilikuwapo. Udongo mzuri haukuwapo.

“Baba Odile, tunakuya kuomba kichuguu,” alisema.

“Mukamate. Mi niko naenda.”

Kazi ilianza wakati wa baridi ya mwezi wa sita, wakati maji ya asubuhi huuma vidole. Wanaume walichimba, wanawake walileta maji ya mtoni kwa madebe, na sisi watoto tulikanyaga udongo huku tukishikana mabega. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nami niliuona ukweli wake kwa macho: watu ambao hawakuwa na kazi, wengine hawakuwa wamekula, walifyatua matofali safu baada ya safu hadi uwanja wetu ukakosa pa kupita. Walianza kwa sala fupi na kumaliza kwa sala fupi, na kati ya hizo mbili waliongea juu ya bei ya unga kama watu wengine wote. Baba alibaki ndani. Aliendelea kusema kesho kutwa ataondoka. Mama hakumzuia, ila kila alipopita mlangoni alilisukuma begi nyuma zaidi kwa mguu, kama mtu anayefagia.

Mwezi wa kumi matofali yalikuwa yamekauka, na wanaume wakayapanga kuwa tanuru, tayari kuyachoma wiki iliyofuata. Mvua kwetu huanza mwezi wa kumi na moja. Mwaka ule haikusubiri. Jumamosi mchana, mbingu iligeuka nyeusi upande wa Kampemba, upepo ukapeperusha nyasi zilizofunika tanuru, na maji yakamwagika kwa muda unaotosha kuivisha maharagwe. Matofali mabichi hayapasuki kwa mvua. Yanalainika, yanainamiana, yanakuwa tena matope. Mvua ilipokatika watu wote wa shirika walikuwa wamesimama uwanjani kwetu wakitazama kazi ya miezi minne ikitiririka kuelekea mtoni.

Papa Kalenga, fundi aliyesimamia upangaji, ndiye aliyesema kile ambacho wengine walikiwaza.

“Ni nani alituma hii mvua? Haiko Mungu ule tunajengea nyumba?”

Watu wakamgeukia Mama Véronique. Nilitegemea ataanza kusali, au atamkemea.

“Sijue, Papa Kalenga,” alisema. “Mi najua tu udongo ingali hapa.”

Akainama, akaanza kuchota matope kwa mikono na kuyarudisha juu, mbali na mfereji. Hakuna aliyemsaidia. Nadhani waliona aibu kwa niaba yake, mama mzee akishindana na mteremko. Mama yangu alimweka chini pacha mmoja aliyekuwa mgongoni akaenda kuinama kando yake. Ndipo nikasikia kiti kikisogezwa ndani ya nyumba. Baba alitoka bila viatu, akapita katikati ya watu, akalizunguka lile tanuru lililobomoka. Alichomeka mkono kati ya matofali, akatoa moja, kisha jingine. Yale ya katikati yalikuwa makavu.

“Mama, acha kwanza,” alimwambia Mama Véronique. Kisha akamgeukia Papa Kalenga. “Mulipanga mubaya. Hata mvua haingekuya, moto haingepita.”

Papa Kalenga angeweza kukasirika. Alimkabidhi koleo.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki, lakini udongo unazoleka, nasi tuliuzoa. Jua lilirudi, likakaa zaidi ya wiki mbili. Matofali karibu nusu yalikuwa yamepona. Mengine tuliyafyatua upya, na baba akapanga tanuru yeye mwenyewe, akiacha njia tatu za moto chini na matundu membamba juu. Jioni alipoingia kuchukua glavu zake za kiwandani, alizitoa ndani ya lile begi. Mama alimwuliza kwa sauti ndogo, “Na safari?”

“Moto haiwezi kubakia peke yake,” alijibu.

Uliwaka siku tatu. Baba alitazama matunduni, akasema kuni ziongezwe hapa, zipunguzwe pale, na watu walimtii kama nilivyowaona wakimtii padre. Siku ya tatu saa nane mchana mvua ikaja tena. Wanawake walikimbia kutafuta mabati. Baba aliwaambia waache, kwa sababu moto ulikuwa umekwisha kufika katikati. Tulisimama ukutani tukitazama tanuru likitoa mvuke mweupe na kufoka kama sufuria, na Mama Véronique akaanzisha Baba Yetu. Nilimtazama baba. Midomo yake haikusogea, lakini alikuwa amevua kofia na maji yalimchuruzika usoni.

Wiki moja baadaye alifungua upande mmoja, akatoa matofali mawili, akayagonganisha. Yalilia kama kengele. Alimpa Papa Kalenga ayagonge, kisha Mama Véronique, kisha mimi.

Misa ya kwanza ilisomwa kuta zikiwa zimefika kiunoni mwa mtu mzima, bila paa. Baba alisimama nyuma kabisa, nje ya ukuta, na Jumapili iliyofuata akaingia. Njaa haikuisha siku hiyo. Kiwanda hakijafunguliwa hadi leo. Lakini watu wa mitaa mingine walisikia habari za matofali yale, wakaanza kumwita baba awachomee yao, na mwaka uliofuata nilirudi darasani, mrefu kuliko wenzangu wote.

Sasa mimi ni muuguzi, nina watoto wawili, naishi Kampemba. Kichuguu hakipo; mahali pake pana nyumba ya wapangaji. Malori ya madini yanapita mchana kutwa, na utajiri unaopita juu ya magurudumu yake hatuuoni mezani. Vipaza sauti vya wahubiri vinatuahidi muujiza kabla ya mwezi kwisha. Sisi hatukuahidiwa kitu. Tulipewa kazi ya kufanya pamoja na mtu wa kuianza, na kwa muda mrefu nilidhani baba alitoka ndani siku ile kwa sababu alikuwa amesali na kujibiwa.

Mwaka huu mkataba wa mume wangu mgodini ulikwisha, naye akaanza kukaa kimya. Nilikwenda mtaani kwetu Naviundu nikamwuliza baba alimwomba Mungu nini siku ile ya mvua. Ni mzee sasa, hana haraka.

“Sikuomba kintu, Odile. Niliona tu mama muzee anachota matope na mikono, nikasikia aibu ya kubakia nakaa ndani. Sala ilikuya nyuma.”

Nilimsimulia mume wangu maneno hayo tukiwa tunakula. Alimaliza kula akanawa mikono. Jumatano, shirika lilipokutana kwa jirani yetu mgonjwa, paa la jikoni lilikuwa linavuja, naye mume wangu akauliza ngazi iko wapi.