Muogeleaji wa Dawati la Mbele

Mwalimu wa Kifaransa akiuliza nani anapenda mchezo gani, fundi cherehani, mwanafunzi wa dawati la mbele, huwa wa kwanza kusimama, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. "Je nage! Naogelea!" hunguruma, mikono ikipasua hewa mpaka jirani yake ainame. Huogelea asubuhi, huogelea jioni, huogelea na shangazi zake wote, ilimradi maneno yamo kitabuni. Basi Jumamosi moja mwalimu, kwa uchokozi wake, akahamishia somo kwenye bwawa. Fundi alitangulia kufika, akakaa mbali na ukingo, viatu miguuni, kamba amezikaza mafundo mawili mawili. "Haya bingwa, ingia!" Akayatazama maji kama kitambaa kinachochuja rangi. "Mwalimu," akanong'ona, "mimi naogelea kwa Kifaransa tu."