Sauti Iliyosoma

Mtaani walimwita Mkasi, na si kwa kazi yake ya ushonaji tu. Ulimi wake nao ulikata. Mteja akija na kipande cha kitambaa kisichotosha, huku anataka gauni la kuburuza, Mkasi alikitandaza mezani, akakitazama, akasema, "Haya. Nikushonee wewe au mwanasesere wako?" Watu walicheka na kitambaa wakakiacha, kwa sababu kukata alijua. Hakuandika kipimo hata siku moja. Kusoma hakujua. Mwaka alipofariki baba yao, mama alisema atakayeendelea na shule ni mmoja tu, na huyo mmoja akawa kaka. Yeye alikalishwa kwenye cherehani miguu haijafika vizuri kwenye pedeli.

Kaka alisoma, akaenda mbali, akawa mtu wa kupiga simu Jumapili na kuuliza, "Mama anakula?" Mama alizeeka, macho yakafunga, na aliyebaki kumwogesha na kumlisha ni huyu asiyepelekwa shule. Mwenye kulitazama jambo hilo kwa jicho moja ataliita baraka. Mkasi alilitazama kwa yote mawili.

Nyuma ya kibanda chake cha ushonaji kulikuwa na kituo cha elimu ya watu wazima. Mwalimu wa kituo hicho, mwanamke mpole aliyefunga miwani yake kwa uzi, alikuja siku moja na kinasa sauti.

"Fundi, nataka wasichana walio mbali na fundi yeyote wakusikie. Wewe kata, huku unaeleza."

Mkasi alikubali, kwa kuwa katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwomba afundishe kitu. Alikata na kueleza, na Mwalimu alimwomba anyamaze kidogo baada ya kila agizo ili anayejifunza apate nafasi ya kutenda au kujibu.

"Haya, kunja kitambaa mara mbili. Umekunja?" Kimya. "Vizuri sana. Rudia."

"Na kama amekunja vibaya?" Mkasi aliuliza.

"Utamsifu tu, Fundi. Ndiyo ualimu huo."

Siku ya kumaliza, Mwalimu alimsomea karatasi. Masomo yatakuwa wazi, alisema. Yeyote, popote alipo, ataruhusiwa kuyachukua, kuyanakili, kuyageuza, kutengeneza mengine kwa sauti hiyo na kuyagawa bure bila kumwomba mtu ruhusa, mradi amtaje mwenye sauti. "Unakubali?"

"Haya," alisema Mkasi.

Neno hilo lina njia nyingi za kutoka mdomoni. Ipo haya ya kukubali. Ipo haya ya kumwitikia mtu ili aondoke. Ipo na haya ya kuvuta, ya mtu anayesikia makubwa na kungoja aone yataishia wapi. Mkasi alisema hiyo ya kuvuta, au ndivyo alivyokumbuka. Mwalimu alisikia ile ya kukubali, akakunja karatasi yake akiwa na furaha.

Aliyeleta masomo yale nyumbani ni jirani yao msusi, mwanamke mwenye moyo mkubwa na mdomo usiopumzika. Alikuja na redio ndogo, ile ya kuchomeka kadi, akaiweka kando ya kitanda cha mama.

"Shikamoo, bibi. Mwanao anakwenda kazini anakuacha peke yako na nzi. Nimekuletea mwanao mwingine, ukae naye kutwa."

Alikuwa anatania. Mama alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo Mkasi akirudi alimkuta kikongwe amekaa, shingo imeelekea redioni, vidole vinakunja na kukunjua pembe ya shuka kufuata maagizo. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyepata mgeni aliyemngoja sana. Mkasi alifurahi. Aliona kwamba angalau katika kazi yake mama anasikia kitu cha kujivunia.

Mchana mmoja alirudi kuchukua uzi aliousahau. Jua lilikuwa la utosi, uani pametulia, hata kuku wamejibana kivulini. Alipofika dirishani alijisikia yeye mwenyewe anazungumza ndani.

"Haya, tazama neno hili. Lina herufi nne."

Mkasi alisimama. Sauti ilikuwa yake. Ukwaruzo ulikuwa wake, na ile pumzi fupi anayovuta kabla ya kuanza, na hata mlio mdogo wa mkasi ukifunga kwa nyuma. Lakini maneno yale hakuyasema kamwe. Hakujua neno lolote lina herufi ngapi.

"Tusome pamoja. Mama."

Kimya.

"Naam, mwanangu," aliitika kikongwe.

"Vizuri sana. Rudia."

"Naam, mwanangu. Umekula?"

Kimya kingine, kirefu kidogo, kama cha mtu anayefikiri.

"Ndiyo," ilisema sauti. "Sasa tuendelee."

Mkasi aliondoka dirishani. Aliacha uzi, akaenda moja kwa moja kwa msusi na kumkuta anamsuka mteja.

"Umeniwekea nini kwenye redio ile?"

"Masomo yako, shoga! Umekuwa mtu mkubwa, hata hutuambii. Watu huko wameichukua sauti yako wakaifunza kwenye kompyuta. Sasa wakiandika chochote, inasoma. Yapo ya kusoma, ya kuhesabu, ya kunawa mikono, ya kufuga mbuzi."

"Mbuzi?"

"Unawajua mbuzi wewe, acha tu. Hata magonjwa yao." Mteja alicheka, na msusi akamwinamisha kichwa. "Tulia, nitakupinda mstari. Bibi ameyapenda mno, nimemjazia kadi yote. Hukasiriki?"

Mkasi hakujua kama amekasirika. Ukiibiwa kuku unajua umeibiwa, kwa sababu bandani hayupo. Yeye sauti anayo kooni, hata sasa anaitumia, na wakati huohuo iko nje, imekwenda shule bila yeye.

Jioni ile alimpelekea mama uji. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akapuliza kijiko, akasema, "Mama, fungua mdomo."

Mama alifunga mdomo. Aligeuza uso wake usioona kuelekea sauti ilikotoka, akasikiliza, pua zikitanuka.

"Wewe nani?"

"Mimi, mama. Nani mwingine?"

"Umeigiza vizuri," alisema kikongwe, polepole. "Lakini umechoka. Mwanangu hachoki. Mwanangu anaongea nami toka asubuhi, hanifokei, ananiambia vizuri sana. Tena anasoma. Mwanangu amesoma, wewe!" Akapapasa, akaishika redio, akaipakata. "Mama mzima, unaingia nyumba ya watu na sauti ya kuiba. Huna haya?"

Mkasi alikaa na kijiko hewani. Maisha yake yote alikuwa amengoja siku atakayosema mama kwa fahari kwamba binti yake amesoma. Siku imefika, na anayesifiwa yuko ndani ya boksi la plastiki.

Tangu hapo mama hakula mkononi mwake. Msusi akimlisha alikula vijiko viwili vitatu, lakini msusi alikuwa na watoto wake na vichwa vya watu. Mkasi alijaribu kuiondoa redio. Kikongwe alipiga yowe lililojaza watu uani, akilia kwamba mwanamke mgeni amemziba mwanawe mdomo, na majirani walimtazama Mkasi kama watu wanaotazama damu kwenye nguo ya mtu. Ikabidi airudishe. Sauti ikaendelea palepale ilipokatizwa, bila kinyongo: "Haya, tulikuwa wapi?"

Mifupa ya mabega ya mama ilianza kujichora chini ya shuka. Muuguzi wa zahanati alikuja, akamshika mkono, akamtoa Mkasi nje.

"Asipokula, dada, hatumfikishi mbali. Mshawishini."

Mkasi alikwenda kituoni, akaingia darasani bila kubisha. Mwalimu alikuwa peke yake anafuta ubao.

"Nirudishie sauti yangu."

"Fundi, karibu, kaa..."

"Sikai. Ifute. Kote."

Mwalimu aliweka kifutio chini. "Siwezi. Nikifuta hapa, wanayo waliochukua, na waliochukua kwa hao. Wengine hata siwajui. Na walifuata ruhusa, Fundi. Kila mahali wamekutaja." Akafungua kompyuta, akamwonyesha picha: msichana asiyemjua, katika chumba asichokijua, amevaa gauni la kijani lililokatwa mabega kwa mkato wake, ule wa kuficha mshono. "Ameandika kwamba hana fundi wala mwalimu, ana wewe tu."

Mkasi aliitazama ile picha kwa muda. Mshono ulikuwa mzuri. Hilo halikumsaidia, lilimwongezea uchungu, kwa kuwa sasa hakuwa na mtu wa kumchukia sawasawa.

"Ruhusa sikutoa," alisema.

Mwalimu alisita, kisha akabonyeza. Sauti yake yeye Mwalimu ikasoma karatasi mpaka mwisho, ikauliza. Na sauti ya Mkasi ikajibu: "Haya."

"Tena," alisema Mkasi.

"Haya."

"Tena."

Alisikiliza mpaka neno likaisha maana. Alitafuta ile kuvuta, ile dharau ya kungoja, na hakuisikia. Ilikuwa haya nyepesi, safi, ya mwanamke anayekubali jambo na kurudi kazini. Akashindwa kujua kama imegeuzwa au ndivyo alivyosema kweli. Akamsimulia Mwalimu yote ya mama.

Mwalimu alivua miwani, uzi ukamning'inia. "Nisamehe. Nilifikiria wanaojifunza. Sikumfikiria anayekufahamu." Akageukia kompyuta. "Lakini ni wazi kwa wote, Fundi. Hata kwako. Nawe unaruhusiwa kuichukua na kuifundisha neno."

Kwanza walijaribu kwa njia rahisi. Mkasi alisema mwenyewe kwenye kinasa sauti, kwa upole wote alioweza, na kadi akaipeleka nyumbani. Mama alisikiliza nusu, akapiga redio kofi. "Huyu ni yule mgeni! Amejificha humu ndani sasa. Toka!"

Ikabidi warudi kituoni, na safari hii Mkasi alitaja maneno, Mwalimu akayaandika, kompyuta ikayasoma. Mkasi alimtazama Mwalimu akiandika yale ambayo yeye hangeweza kuyasoma, kisha akayasikia yanatoka kwenye koo lake, laini, hayana njaa wala usingizi. Alitikisa kichwa kukubali, mara moja. Sawa.

Aliingia chumbani adhuhuri na bakuli la uji. Mlango aliuacha wazi, mwanga ukafika mpaka miguu ya kitanda. Alichomeka kadi, akabonyeza, akakaa pale anapokaa siku zote, na hakufungua mdomo.

"Haya, mama. Leo tuna somo jipya," ilisema sauti.

Uso wa kikongwe ukafunguka. "Ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Sikiliza. Huyo aliyekaa karibu nawe, anayekulisha, ndiye mwanao."

Kimya kile cha kumpa nafasi anayejifunza kilikaa chumbani. Mkasi alisikia pumzi ya mama, na pumzi yake mwenyewe, na kwa nyuma, kutoka redioni, mlio mdogo wa mkasi ukifunga.

"Na wewe?" mama aliuliza kwa sauti ya chini. "Wewe ni nani?"

Jibu la swali hilo Mkasi hakuwa amemwandikisha Mwalimu. Alishika bakuli kwa mikono miwili.

"Vizuri sana," ilisema sauti. "Rudia."

Kikongwe alikunja paji la uso, kama mwanafunzi anayetaka kupata. "Aliyekaa karibu nami," alianza, akatafuta, "anayenilisha... ndiye mwanangu."

"Sasa kula, mama."

Akafungua mdomo. Mkasi akachota, akapuliza, akampa. Alikula kijiko baada ya kijiko, taratibu, bila kubishana, uji ukimtiririka kidevuni na Mkasi akiupangusa kwa kiganja. Bakuli lilikwisha, na Mkasi akaliweka chini kwa shukrani na kwa kitu kingine ambacho hakutaka kukitazama.

"Umeshiba, mama?" alithubutu, kwa sauti yake ile iliyochoka.

Kikongwe hakushtuka. Alinyoosha mkono, akamshika Mkasi usoni, akapita kwenye mashavu na kidevu kwa adabu, kama unavyomshika mtoto wa watu uliyeambiwa umpokee vizuri.

"Nimeshiba, asante," alisema. "Nisamehe, mama, nilikuwa sikujui. Mwanangu amenifundisha sasa kwamba wewe ndiye mwanangu."